Serkle ya Unga

Philomène alifukuza inzi mmoja wakaja wengine, kama vile hata inzi walishasikia kwamba bei zimepanda. Mbele yake kulikuwa na sinia la samaki wa moshi aliowapokea alfajiri kutoka pirogi, mtumbwi wa wavuvi wa Yanonge. Walikuwa wembamba, maana wavuvi wenyewe waliogopa kukaa mtoni mchana. Soko la mtaa wa Tshopo siku zile lilikuwa na watu wengi wa kuuliza bei na wachache wa kununua. Chumvi ilikuwa imepotea kabisa. Sabuni ilikatwa vipande vyembamba hata ukivishika juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Unga wa muhogo ulipimwa kwa kopo ambalo Mama Adèle alikuwa amelibonyeza kitako kwa jiwe.

"Mama Adèle, hii kopo yako inazidi kuingiza tumbo ndani," Philomène alisema.

"Philo, tumbo ya kila mutu imeingia ndani. Ya kopo iko nani?"

"Bon, nijazie moja."

"Na ile mbisi kubwa," alisema Mama Adèle akionyesha samaki.

"Kubwa? Iko ndogo, we angalia tena."

"Donc lete na ndugu yake."

Wakabishana mpaka wakachoka, na samaki wawili wakabadilika kuwa kopo moja la unga, lililofungwa ndani ya kitambaa cheupe. Huo ndio ulikuwa ugali wa Philomène na mama yake mzazi kwa siku hiyo, na kama mama asingeona binti akijipunjia tonge, kwa siku ya pili pia.

Hakuwa amemaliza kufunga kitambaa walipopita Simba wawili. Ndivyo walivyojiita wale vijana waasi walioushika mji tangu mwezi wa nane, wenye majani vichwani na ngozi za nyani mabegani. Sheria zao zilikuwa nyingi kuliko za padri. Dawa ya kinga ya risasi waliyonyunyiziwa iliwakataza kugusa mwanamke, kuangalia nyuma, kuvuka kitu wasichokijua. Ukivunja mwiko mmoja, risasi inakukumbuka.

"Ya jeshi!" mmoja alisema.

Philomène akanyoosha mkono wenye samaki. Kijana akaruka nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Weka chini! Mwanamuke, weka chini!"

Akaweka samaki chini, kijana akamwokota. Kisha akaona mfereji mdogo wa maji uliotoka chini ya meza ya Mama Adèle na kukata njia.

"Ile maji iko nini?"

"Ya kuosha samaki," Philomène alisema.

"Haiko dawa?"

"Inategemea nani anaikanyaga," Mama Adèle alijibu, uso mkavu.

Simba wale wakazunguka mstari mzima wa wauza pondu, mboga ya majani ya muhogo, ili kuyakwepa maji ya samaki. Wanawake wakabana vicheko mpaka migongo ya ngozi ilipopotea.

Lakini kicheko cha mwaka ule kilikuwa kifupi. Simba walitafuta wenye akili, yaani waliosoma, wawakamate, na hapakuwa na shule ya kuwafundisha akili inafananaje, kwa hiyo walitazama mavazi. Miwani ilikuwa hatari. Kalamu mfukoni ilikuwa hatari. Kuna bwana mmoja wa posta aliyezika tai zake zote chini ya mgomba, na mwaka uliofuata mgomba ule ulizaa ndizi zenye mistari. Mimi sikuziona, lakini aliyenisimulia alikula mbili. Watu wengine hawakuwahi kuzika kitu, walizikwa wao.

Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya serkle.

Asiyejua Tshopo atauliza serkle ni nini, na ni haki yake, kwa sababu hata walioianzisha hawakujua. Zamani za Wabelgiji, kule mjini, kulikuwa na chama cha Waafrika wenye kadi ya ustaarabu. Walikiita cercle. Walivaa tai, walisoma magazeti, walijadili. Philomène, msichana bado, alikwenda siku moja na sinia lake kichwani kusikiliza dirishani tu, na mlinzi wa mlango akamwambia: "Harufu ya samaki haina kadi." Habari za cercle zikafika Tshopo, kwa Papa Amuri, mshona nguo, mjukuu wa wale Waislamu wa zamani wa biashara. Akasikia kwamba mtu akiingia cercle anatoka na akili. Akauliza watoto wa shule: cercle maana yake nini? Wakamwambia: duara.

Papa Amuri akaona jambo si gumu. Akasukuma cherehani ukutani, akafagia sakafu yake ya udongo mweusi, akachukua chaki ya kushonea na kuchora duara kubwa. Akaita majirani wakae juu ya mstari, vidole vya miguu kwenye chaki. Wakakaa. Wakatazamana. Kisha, kwa kuwa wametazamana, wakaanza kuzungumza.

Baadaye alipokuja mwalimu Cyprien, kijana aliyesoma kwa mapadri, aliwaeleza kwa adabu kwamba hilo ni jina tu, kwamba katika cercle ya kweli watu hukaa kwenye viti wakiangalia meza.

"Basi wale bamekosea," Papa Amuri alimjibu. "Kaa hapa, mwalimu. Weka vidole."

Mwalimu akaweka vidole, na hakuondoka tena.

Kutoka kwenye duara lile vilitoka vitu ambavyo mtu aliyepita Tshopo kabla yake asingeamini. Kisima cha mtaa kilipata mfuniko. Maiti wasio na ndugu walipata wa kuwabeba. Wanawake waliokuwa wakitia kidole kwenye wino walianza kuandika majina yao, tena kwa maringo, na mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho. Uhuru ulipokuja, duara lilipita mlangoni likaenda mpaka barabarani, na gazeti moja lilisomwa na mtaa mzima likarudi likiwa halina hata mkunjo.

Na kulikuwa na desturi yao, waliyoiita kuzungusha. Msomaji anasimama katikati na kitabu. Anasoma fraze moja, yaani sentensi moja, kwa Kifaransa. Aliye karibu na mlango anaisema kwa Kiswahili, anayefuata kwa Lingala, anayefuata kwa Kilokele, kwa Kitopoke, kwa Kikusu, mpaka fraze imzunguke msomaji na kumrudia. Hakuna kusoma ya pili kabla ya kwanza kurudi nyumbani.

Mchana ule Philomène alipofika na sinia tupu na kitambaa chake cha unga, alikuta watu wamesimama wamejibana ukutani.

"Kuna nini, Papa Amuri? Kwa nini hamukae?"

"Chaki imekwisha, Philo. Mashule yamefungwa, nani anauza chaki? Hata ya kushonea imekwisha."

"Tukae tu bila mstari," alisema Augustin, fundi wa baiskeli. "Macho yetu yanajua mahali ilikuwa."

Philomène alitazama sakafu nyeusi. Siku yake ya kwanza humu, akiwa bado ananuka moshi wa samaki, aliweka vidole kwenye chaki na mzee huyu akamwita "memba". Hakuna mtu aliyeuliza kadi. Mstari ule ndio uliomwingiza. Bila mstari, hii ilikuwa nyumba ya mshona nguo tu, na yeye muuza samaki aliyesimama ndani yake.

Akapiga magoti, akafungua kitambaa, akachukua unga kwa vidole, akaanza kuutiririsha. Mwembamba, mwembamba sana, kama anayetia chumvi siku za chumvi.

"Mama yako atakula nini?" aliuliza Kadidja, mke wa Amuri.

"Imebaki ya kutosha. Kaeni."

Wakakaa. Cyprien akaingia katikati na kitabu pekee kilichosalia, jografia ya shule isiyo na jalada. Alikuwa amekonda. Majuma mengi alilala nyumba hii leo, ile kesho, kwa sababu jina lake lilikuwa linatajwa. Akafungua kinywa, na mlangoni mwanga ukazibwa.

Walikuwa Simba watatu. Wa mbele, mfupi, mwenye manyoya ya kuku kofiani, ndiye waliyemwita Komanda.

"Nani iko mwalimu Cyprien?"

Mtu mmoja amesimama peke yake katikati ya chumba ameshika kitabu. Hata kuku wa Kadidja aliyekuwa anatembea chini ya cherehani alijua.

Komanda akainua mguu aingie. Macho yake yakaangukia mstari mweupe. Mguu ukabaki hewani.

"Ile iko nini?"

Papa Amuri alifungua mdomo kusema unga. Philomène akamtangulia.

"Iko serkle."

"Serkle ya nini?"

"Ya kusoma."

Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ile ikasikika chumbani kama jina la dawa kali.

"Nani alichora?"

"Miye."

"Mwanamuke!" Mguu ukarudi nje haraka. Komanda akachuchumaa akatazama mstari kwa heshima, kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. "Iko na sheria?"

"Iko nazo."

"Sema."

"Mutu anasimama katikati, hatumuguse mpaka asome na maneno yazunguke. Mutu anaweka kidole juu ya mustari, iko memba. Anasema jina yake, hakuna kumuuliza kadi. Memba hakamate memba mwenzake."

"Na mutu akivuka na bunduki?"

Philomène alifikiri. Hakutaka kudanganya ndani ya serkle.

"Hatujue, Komanda. Haiyafanyika bado."

Jibu lile liliwatoa jasho kuliko tisho lolote. Simba wawili wa nyuma wakashauriana kwa macho. Komanda akakaa kizingitini, bunduki magotini.

"Alors, asome. Kitabu iko nyembamba. Kikiisha atatoka yeye mwenyewe, tunamukamata inje."

Sasa kila mtu chumbani alijua hesabu ilivyo. Cyprien ataishi kwa urefu wa kitabu. Akasoma: maji ya mvua yanayoanguka mlimani huchukua muda mrefu kufika baharini, na njiani hukutana na maji mengine.

Papa Amuri akaisema kwa Kiswahili, polepole, kama anayepima kitambaa cha bibi harusi. Augustin akaipokea kwa Lingala. Philomène alipofikia bahari, akakwama. Kilokele cha wazazi wake kilikuwa na majina mengi ya mto, cha bahari hakikuwa nacho. Akasema: mto usio na ng'ambo. Mtopoke aliyefuata akabisha kwamba kila maji yana ng'ambo, isipokuwa uvivu wa kupiga kasia. Wakabishana kweli, kama kila Jumamosi, mbele ya bunduki.

"Sijapata kuiona bahari," Kadidja alisema zamu yake ya Kikusu ilipofika, "lakini babu wa huyu mume wangu alisema iko maji ya chumvi mpaka mwisho wa macho."

"Chumvi yote ile!" Augustin akapaza sauti. "Na hapa sokoni hata punje hakuna? Nani aliikamata?"

Kisha mlangoni kikatoka kicheko. Komanda alikuwa anacheka, meno yote nje, kijana tu, kijana wa miaka ya kucheza mpira.

Wanaosema wanasema kwamba wakati ule mto Tshopo ulipunguza kelele zake kule bwawani ili usikie. Mimi naamini. Nimekaa Tshopo maisha yangu yote, na mto ule ni mmbea. Fraze ile ilikuwa imetoka kwenye kitabu kisicho na jalada, ikavaa nguo za kabila hili na lile, na kila ilipobadilisha mdomo ilizidi kuwa ndefu na nzuri. Hata kijana wa nyuma alikuwa ameteremsha bunduki bila kujua, mdomo wazi, kama mtu anayeona nyumba ikitembea.

Lakini kuku hakuwa na muda wa maajabu. Alikuwa na njaa kama wote. Alitoka chini ya cherehani, akafika nyuma ya Augustin, akaanza kudonoa mstari.

"Komanda!" Simba wa tatu alinong'ona. "Kuku iko nakula dawa."

Wote wakamtazama kuku. Akadonoa. Akameza. Akadonoa tena.

"Haikufe," Simba alisema.

"Iko ya mwenye nyumba," Papa Amuri alijibu upesi. "Dawa inamujua."

Cyprien akasoma fraze nyingine, sauti ikipanda. Kuku akaendelea. Kumfukuza kwa kelele ilikuwa kuonyesha hofu, na anayeonyesha hofu juu ya dawa yake ameshasema si dawa. Pengo likawa la upana wa kiganja, kisha la upana wa mguu.

"Komanda, pale njia imefunguka. Mutu anaweza kupita."

Komanda akainuka. Philomène akainuka pia. Alikuwa na kitambaa kifuani, na ndani yake chakula cha mama yake. Alimwona mama akiwa ameshaweka maji jikoni, maana mama huyo aliweka maji mapema kila siku ili majirani wasikie sufuria. Akazunguka nje ya mstari, akamchukua kuku kwa mabawa bila haraka, akamkabidhi Kadidja. Kisha akafungua kitambaa na kumimina unga wote kwenye pengo, mpaka ukawa kilima kidogo cheupe, akakikung'uta kitambaa mara mbili juu yake.

Akarudi kukaa. "Endelea, mwalimu."

Komanda alitazama kile kilima. Alikuwa ametoka sokoni; alijua unga unauzwaje. Hakuna mtu mwenye akili timamu angemwaga chakula kiasi kile sakafuni mwaka ule. Kwa hiyo lazima ilikuwa dawa.

Fraze ikazunguka. Ilipopita Kikusu ikamfikia Cyprien, Komanda akasema kutoka mlangoni, taratibu, kama anayejisemea: "Iko lugha moja imekosa."

"Gani, Komanda?"

"Ya kwetu. Kibembe. Ya kule Fizi."

"Ni kweli," Papa Amuri alisema. "Hatuna Mubembe. Miaka yote tulikosa."

Komanda alikwaruza shingo. Alitazama bunduki, akaiegemeza nje ya mlango. Akasema fraze ile kwa Kibembe, kwanza kwa kujikwaa, kisha akaianza tena upya, vizuri, na alipofikia bahari alitumia neno la ziwa lao kubwa na kuongeza kitu kilichomfanya atabasamu peke yake. Hakuna aliyeelewa hata neno. Chumba kizima kilimsikiliza kama padri. Alipomaliza, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa juu ya unga. Hata yeye alishangaa kukikuta pale.

"Jina?" Philomène aliuliza, kwa sababu ndiyo sheria.

"Daudi."

"Memba Daudi," wakasema wote.

Wale wenzake wawili walikuwa wameshtuka. "Komanda, tutasema nini kule bureau? Walisema tulete akili ya Tshopo."

Daudi alitazama huku na huku, kutoka Cyprien hadi sakafuni, kutoka sakafuni hadi kitabuni.

"Akili iko pale," alisema, akionyesha kitabu. "Hawa batu bote walikuwa wanasema maneno yake. Weka chini, mwalimu. Inje ya mustari."

Cyprien akaweka kitabu chini, nje ya mstari. Simba wakakifunga kwa kipande cha kitambaa walichookota chini ya cherehani, mafundo mawili, kama wanavyofunga mikono ya watu. Simba wa tatu akakibeba mbele akiwa amekielekezea bunduki. Nimesikia kwamba kilitiwa kabisa chumba cha mahabusu, na kwamba mlinzi wa mlango wa chumba kile alitoka vitani anajua kusoma.

Daudi alikuwa wa mwisho kuondoka. Hakuangalia nyuma, kwa kuwa ni mwiko. Alisema akiwa ameelekea barabarani: "Mwalimu, kesho watatuma mwingine. Huyo haiko memba."

Jua lilikuwa bado juu pirogi ya Yanonge iliposukumwa kutoka ukingoni na vikapu vitupu, na chini ya vikapu vitupu kulikuwa na mwalimu aliyejifunza siku hiyo harufu ya samaki ina kazi gani. Philomène alisimama mpaka pirogi ikawa ndogo. Serkle ilikuwa imepoteza msomaji na kitabu mchana mmoja.

Akarudi kwa Papa Amuri, akapiga magoti, akafagia duara lote kwa kiganja, na mchanga, na nyuzi, na alama ya kidole gumba. Akalifunga kwenye kitambaa. Kadidja alimshika kuku mpaka kazi ilipokwisha.

Mama yake, bibi Micheline, alikuwa amekaa kando ya sufuria inayochemka. Alisonga ugali bila kuuliza unga umechelewa wapi. Walikula na mchuzi wa samaki usio na chumvi. Bibi Micheline alitafuna, akaacha, akatafuna tena.

"Philo, hii ugali iko na muchanga."

"Iko ya kwa Papa Amuri."

Bibi akaona fundo dogo kwenye pembe ya kitenge cha binti yake, akanyoosha mkono akalibonyeza. Lilikuwa laini.

"Na hii ya kufungwa hapa?"

"Ya Jumamosi, mama."

"Hii kidogo hivi? Itatosha kuchora serkle gani?"

Philomène alitoa punje ya mchanga kwenye ulimi, akaitazama, akairusha nje ya mlango.

"Tutakaa karibu-karibu."